Faili Lisilofika: Uundaji wa Programu ya Mstari wa Amri ya Kupakia Kumbukumbu za Michezo ya Kujifunzia katika Mazingira ya Songea

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuunda programu ya mstari wa amri inayokusanya mafaili ya kumbukumbu za michezo ya kujifunzia kutoka kwenye kompyuta za shule na kuyapakia kwenye seva, bila kumtegemea mwalimu kubonyeza chochote. Mazingira yanayozingatiwa ni ya Songea na vijiji vinavyoizunguka, ambako umeme na mtandao haviaminiki kwa kiwango kimoja mahali pote. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kazi hii hauko katika kutuma, bali katika kuthibitisha kilichofika na kueleza kisichofika. Faili linalopotea kimya kimya humwondoa mtoto katika hesabu ya utafiti, na aghalabu mtoto huyo ni wa shule ambayo tayari ina huduma duni. Kinachowasilishwa ni usanifu wa programu, sababu za kila uamuzi uliomo na vigezo vya kuupima.

1.0 Utangulizi

Michezo mingi ya kompyuta huandika kumbukumbu ya yanayotokea ndani yake. Katika mchezo wa kujifunzia hesabu, mstari mmoja wa kumbukumbu unaweza kueleza kwamba mwanafunzi namba 17 aliulizwa jumla ya saba na tano, akajibu kumi na moja baada ya sekunde tisa, kisha akajisahihisha. Mstari huo peke yake hauna uzito. Maelfu ya mistari ya namna hiyo, ikikusanywa kutoka kwa watoto wengi kwa miezi mingi, humwonyesha mtafiti ni swali gani linalowakwamisha watoto, ni baada ya muda gani wanachoka, na kama mchezo wenyewe unafundisha au unaburudisha tu.

Tanzania ina uzoefu mkubwa wa jambo hili. Shindano la Global Learning XPRIZE lilifanya majaribio yake ya shambani katika mkoa wa Tanga kwa miezi kumi na mitano, hadi mwanzoni mwa mwaka 2019. Watoto zaidi ya 2,000 katika vijiji vinavyokaribia 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana katika kazi hiyo, na vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua. Mwezi Mei 2019 tuzo kuu iligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion, na misimbo chanzo ya programu zote tano zilizofika fainali iliwekwa wazi. Kwa hiyo, mtafiti yeyote aliyeko Songea leo anaweza kuanza na mchezo uliokwisha kutengenezwa kwa lugha ya watoto anaowachunguza. Kinachobaki kuwa chake ni kuzikusanya kumbukumbu.

Kwingineko duniani programu za kupakia kumbukumbu za michezo ni jambo la kawaida. Wachezaji wa World of Warcraft, kwa mfano, huwezesha mchezo wao kuandika faili la mapambano, kisha programu ndogo hulipeleka kwenye tovuti ya uchambuzi. Programu ya aina hiyo hutumiwa na mtu aliyeketi mbele ya mashine, mwenye hamu ya kuyaona matokeo yake usiku huohuo. Faili likikwama, yeye ndiye wa kwanza kujua, naye atalipakia upya. Mtoto wa darasa la pili hajui kwamba faili lipo. Likipotea, hakuna atakayelalamika. Tofauti hiyo ndiyo inayotawala usanifu wote unaoelezwa hapa.

2.0 Mazingira ya Kazi

Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kupitia njia ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea kwa kiasi kikubwa jenereta za dizeli. Hali ya umeme mjini ilibadilika sana, lakini kuwa na nguzo karibu si sawa na kuwa na umeme kila saa, na si kila shule ya pembezoni iko karibu na nguzo. Mkoa huu hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi Aprili. Mwaka wa masomo huanza Januari, hivyo muhula wa kwanza huangukia katikati ya mvua na radi.

Kuhusu vifaa, shule nyingi hazianzi tena na mikono mitupu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu wa shule za umma, na zipo shule zenye kompyuta zilizotumika kwingineko kabla ya kufika kwao. Kwa ajili ya maelezo, tuchukulie shule ya msingi ya kufikirika nje ya mji wa Songea yenye kompyuta 30 za mfumo endeshi wa Linux, swichi moja inayoziunganisha, na modemu ya simu inayowashwa pale vocha inapokuwapo. Kila kompyuta huandika kumbukumbu za kilobaiti 400 kwa siku. Kwa siku tano za masomo, jumla ni megabaiti 60. Kumbukumbu ni matini yenye maneno yanayojirudia mno, kwa hiyo hubanwa vizuri. Tukichukulia zinabanwa hadi sehemu moja ya kumi, shule itakuwa na megabaiti 6 za kutuma kila wiki.

Kiasi hicho ni kidogo. Kwa kasi ya kilobaiti 20 kwa sekunde, megabaiti 6 humalizika kwa takriban dakika tano. Lakini dakika tano zisizokatika si jambo la kutegemea. Mtandao ukikatika katika dakika ya nne, na programu ikawa inatuma kila kitu kama furushi moja, kazi yote huanza upya na kifurushi cha data huisha bila faida. Shida ya shule hii, kwa hiyo, si ukubwa wa data bali ni mkatiko.

3.0 Kwa Nini Mstari wa Amri

Programu inayopendekezwa inaitwa Tarishi. Jina limetokana na mtumishi wa ofisi anayepeleka barua akiwa na daftari mkononi: hafikishi barua tu, bali hurudi na saini ya aliyeipokea. Bila saini, barua inahesabika kuwa bado iko mikononi mwake hata kama ameiacha mezani kwa mhusika. Kanuni hiyo ya ofisini ndiyo kanuni ya programu.

Tarishi haina madirisha wala vitufe, na sababu ni tatu. Kwanza, kazi yake hufanyika wakati hakuna mtu, kwa hiyo inaitwa na kipanga-ratiba cha mfumo endeshi, kama vile cron, kila baada ya muda fulani. Pili, programu isiyo na sura ya picha hutumia kumbukumbu ndogo ya mashine, jambo lenye maana kwa kompyuta kuukuu. Tatu, matokeo yake yanaweza kusomwa na programu nyingine. Tarishi humaliza kila kazi kwa namba: 0 ikiwa yote yamethibitishwa, 1 ikiwa yapo yanayosubiri, na 2 ikiwa kuna hitilafu inayohitaji mtu. Kusubiri si hitilafu. Programu inayopiga kelele kila mtandao unapokosekana hupuuzwa baada ya wiki moja, na siku ya hitilafu ya kweli hakuna atakayeisikiliza.

Amri zake ni nne. Amri ya tarishi kusanya huchukua mafaili yaliyokamilika na kuyaandikisha. Amri ya tarishi tuma huyapakia. Amri ya tarishi beba huyanakili kwenye flashi ili yasafirishwe kwa mkono. Amri ya tarishi hali hueleza kilichofika, kinachosubiri na kisichojulikana kilipo. Lugha inayofaa kuiandikia ni ile inayotoa faili moja tendaji lisilohitaji maktaba za ziada, mfano Go, kwa kuwa kila maktaba inayopaswa kupakuliwa wakati wa kusimika programu ni safari nyingine ya kwenda kutafuta mtandao.

Mtahini anaweza kuuliza: kwa nini isitumike rsync, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1996, au curl, iliyopo tangu mwaka 1998? Jibu ni kwamba zana hizo zinaweza kutumika ndani ya Tarishi, na hakuna sababu ya kuandika upya kilichojaribiwa kwa miongo. Hata hivyo, zana hizo zinajua kubeba. Hazijui kutoa hesabu. Ukiziuliza ni faili gani lilipaswa kuwapo na halipo, hazina jibu.

4.0 Safari ya Faili

4.1 Kulitambua faili lililokamilika

Hatua ya kwanza ni kujua mchezo umemaliza kuandika. Tangu mwaka 2005 kiini cha Linux kina huduma ya inotify, ambayo huiarifu programu pindi faili lililokuwa likiandikwa linapofungwa. Huduma hiyo inatosha siku ya kawaida. Umeme ukikatika mchezo ukiendelea, hakuna kufungwa na hakuna taarifa. Kwa sababu hiyo Tarishi hulikagua pia folda zima kila mashine inapowaka, na faili lolote lililoachwa wazi tangu uwashaji uliopita huhesabiwa kuwa lililokatizwa na kupewa alama hiyo.

Alama hiyo ina maana ya kiutafiti. Kipindi kirefu cha mchezo kina nafasi kubwa zaidi ya kukutwa na mkatiko kuliko kipindi kifupi. Tukiyatupa mafaili yaliyokatizwa kwa kuyaona mabovu, tutakuwa tumetupa zaidi vipindi virefu, na wastani wa muda wa kujifunza utashuka bila mtoto yeyote kupunguza bidii. Ili mafaili hayo yaokolewe, mchezo unapaswa kuandika tukio moja katika mstari mmoja. Hapo hata faili lililokatwa katikati husomeka hadi mstari wa mwisho uliokamilika.

Kuna pia haraka isiyoonekana. Injini nyingi za michezo hazihifadhi kumbukumbu milele. Katika kompyuta, mchezo uliojengwa kwa Unity huandika faili la Player.log, na unapofunguliwa tena lile la awali hubadilishwa jina kuwa Player-prev.log. Ukifunguliwa mara ya tatu, la kwanza limekwisha kufutika. Injini ya Godot, kwa mpangilio wake wa kawaida, huweka mafaili matano tu. Katika darasa ambamo watoto hupokezana kompyuta moja, mara tano huweza kuisha kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo kukusanya lazima kutengwe na kutuma. Kukusanya hufanyika papo hapo, mtandao uwepo usiwepo, kutuma kutasubiri.

4.2 Kulipa faili utambulisho

Faili likikusanywa hubanwa, kisha hukokotolewa alama yake ya heshi kwa kanuni ya SHA-256. Heshi ni namba ndefu inayotokana na yaliyomo ndani ya faili: baiti moja ikibadilika, namba hubadilika. Namba hii ndiyo jina la faili tangu hapo. Majina yanayotolewa na michezo hayafai, kwa kuwa kompyuta 30 zinaweza kuwa na mafaili 30 yanayoitwa Player.log.

Faili huandikwa kwanza kwa jina la muda, mfumo endeshi hulazimishwa kuifikisha data kwenye diski yenyewe, ndipo jina hubadilishwa kuwa la kudumu. Mpangilio huo ukivurugwa, mkatiko wa umeme unaweza kuacha faili lenye jina kamili na tumbo tupu. Baada ya hapo huandikwa mstari katika daftari la Tarishi, ambalo ni hifadhidata ndogo ya SQLite iliyomo katika mashine hiyohiyo. Kila faili hupewa pia namba ya mfululizo ya kompyuta yake: 1, 2, 3 na kuendelea. Umuhimu wa namba hiyo utaonekana katika sehemu ya 5.0.

4.3 Kutuma kwa vipande

Faili kubwa hugawanywa katika vipande vya kilobaiti 256. Kwa kasi iliyotajwa juu, kipande kimoja huchukua takriban sekunde kumi na tatu, na mkatiko hauwezi kupoteza zaidi ya hizo. Kabla ya kuendelea, Tarishi huiuliza seva imefika wapi, kisha huanzia hapo. Ipo itifaki huria ya kazi hii, iitwayo tus, na ni busara kuifuata badala ya kubuni nyingine.

Jaribio likishindikana, programu husubiri kabla ya kurudia, na muda wa kusubiri huongezeka maradufu kila mara hadi kikomo kilichowekwa. Hapa kuna jambo linaloweza kumponyoka mbunifu. Umeme unaporudi shuleni, kompyuta zote 30 huwaka kwa wakati mmoja, nazo zikifuata ratiba ileile zitagombania modemu moja kwa sekunde ileile, zishindwe pamoja, zisubiri pamoja na kugongana tena. Dawa yake ni kuongeza katika kila kusubiri muda wa nasibu, ili kila mashine ichukue zamu yake bila kupangwa.

4.4 Saini ya mpokeaji

Seva ikipokea kipande cha mwisho, haitoi saini hapohapo. Kwanza huhifadhi faili kwenye diski yake, kisha hulisoma tena kutoka huko na kukokotoa heshi upya, ndipo huirudisha heshi hiyo kwa Tarishi. Zikilingana, mstari wa daftari hutiwa alama ya kuthibitishwa. Msingi wa utaratibu huu ni hoja iliyotolewa na Jerome Saltzer, David Reed na David Clark katika makala yao ya mwaka 1984, ambamo mfano wao mkuu ulikuwa ni huu huu wa kuhamisha faili: ukaguzi unaofanywa na tabaka za kati za mtandao, hata ungekuwa makini namna gani, hauondoi haja ya ncha mbili kukaguana zenyewe.

Swali linabaki: itakuwaje saini yenyewe ikipotea njiani? Seva ina faili, lakini Tarishi haijui. Elimu ya kompyuta huliita fumbo hili tatizo la majemadari wawili. Lilielezwa mwaka 1975 na kupewa jina na Jim Gray mwaka 1978, na hitimisho lake ni kwamba katika njia inayoweza kupoteza ujumbe, hakuna idadi ya jumbe itakayowapa pande zote mbili uhakika kamili. Kwa kuwa uhakika huo haupatikani, Tarishi haiutafuti. Badala yake inahakikisha kwamba kurudia hakuna madhara. Faili hutumwa tena kwa jina lake la heshi. Seva ikikuta jina hilo lipo, hurudisha saini ileile bila kuhifadhi nakala ya pili. Barua iliyopelekwa mara mbili huhesabiwa moja.

Nakala iliyoko shuleni haifutwi kabla ya saini, hata diski ikikaribia kujaa. Zikibaki nafasi chache, Tarishi hufuta kwanza yaliyothibitishwa zamani zaidi. Yakiwa hayapo, humaliza kwa namba 2 na kumwita mtu. Ni afadhali mwalimu asumbuliwe mara moja kwa muhula kuliko programu ijiamulie kimya kimya ni mtoto gani asahaulike.

4.5 Njia ya mkono

Pale ambapo mtandao haupo kwa majuma, amri ya tarishi beba hunakili mafaili yanayosubiri kwenye flashi. Mwalimu anayekwenda mjini kwa shughuli zake huibeba, na kompyuta yoyote yenye Tarishi mjini huyatuma. Saini za seva huandikwa kwenye flashi ileile na kurudishwa shuleni. Kunakili kwenye flashi hakuhesabiwi kuwa kufika, kama vile kumpa konda barua si sawa na mlengwa kuipata. Flashi ikipotea, shule bado ina mafaili yake yote.

5.0 Saa Isiyoaminika na Maana ya Kimya

Kompyuta kuukuu aghalabu huwa na betri ya saa iliyokufa, na baadhi ya kompyuta ndogo za bei nafuu huuzwa bila betri hiyo. Mashine ya namna hiyo ikiwaka bila mtandao huweza kudai kwamba leo ni siku fulani ya miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo tarehe katika kumbukumbu haiwezi kuwa mhimili wa mpangilio. Tarishi huandika tarehe kama ilivyoikuta, lakini hutegemea namba mbili zisizorudi nyuma: namba ya mfululizo wa mafaili na namba ya uwashaji, ambayo huongezeka kwa moja kila mashine inapowaka. Kila uwashaji huacha taarifa fupi hata kama hakuna aliyecheza.

Taarifa hizo humwezesha mtafiti kutenganisha aina nne za kimya. Seva ikiwa na taarifa za uwashaji wa 41 na wa 42 na hakuna mchezo kati yake, mashine iliwashwa na hakuna aliyecheza. Zikifuatana bila pengo, lakini siku nyingi zikiwa zimepita kwa kadiri ya saa iliyothibitishwa na mtandao, mashine haikuwashwa. Ikifika ya 41 kisha ya 44, kuna uwashaji mara mbili ambao habari zake hazijafika. Na kama daftari la shule linazionyesha, basi zinasubiri. Kama daftari halinazo, zimepotea, na upotevu huo una anwani.

Umuhimu wa utenganisho huu hauko katika unadhifu wa takwimu pekee. Tuchukulie shule mbili za kufikirika, moja mjini na moja kijijini, kila moja yenye watoto 30 ambao kila mmoja amecheza vipindi 10. Kila shule ina vipindi 300. Kutoka mjini vimefika 290, kutoka kijijini 150. Mtafiti asiye na namba za mfululizo ataona kwamba watoto wa kijijini wamefanya mazoezi nusu ya wenzao. Anaweza kuandika kwamba mwamko ni mdogo, au kwamba mchezo hauwafai, na pendekezo hilo likaamua kompyuta zijazo zipelekwe wapi. Watoto wale walifanya mazoezi sawasawa na wenzao. Kilichopungua ni njia ya kulithibitisha hilo.

Donald Rubin, katika makala yake ya mwaka 1976 kuhusu data zinazokosekana, alionyesha kwamba mtafiti anaruhusiwa kuipuuza sababu ya kukosekana kwa masharti maalumu tu. Sharti mojawapo ni kwamba kukosekana kusitokane na thamani zilezile zisizoonekana. Kumbukumbu za shule zinaweza kulivunja sharti hilo kirahisi: vipindi virefu hukatika zaidi, na shule zenye umeme dhaifu hupoteza zaidi. Takwimu za kurekebisha upungufu zipo, lakini zote zinahitaji kujua kwanza ni nini kilichopungua. Hiyo ndiyo kazi ya amri ya tarishi hali, na kwa maoni ya makala haya ndiyo amri muhimu kuliko tarishi tuma.

6.0 Faragha ya Watoto

Kumbukumbu za mchezo ni taarifa binafsi pale zinapoweza kuhusishwa na mtoto anayetambulika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa nyeti na inasimamia pia usafirishaji wa taarifa kwenda nje ya nchi. Kwa hiyo mahali ilipo seva ni suala la kisheria kabla ya kuwa la kiufundi, na mtafiti analiamua kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo.

Katika usanifu huu jina la mtoto haliingii kwenye mchezo. Mtoto huwakilishwa na namba, na orodha inayooanisha namba na majina hubaki shuleni kwenye karatasi, chini ya uangalizi wa mwalimu mkuu. Mafaili hufungwa kwa ufunguo wa umma pindi yanapokusanywa. Ufunguo wa kuyafungulia uko kwa mtafiti peke yake. Matokeo yake ni kwamba flashi iliyoangushwa stendi haimwambii chochote aliyeiokota. Tahadhari moja inahitajika: baadhi ya injini za michezo huandika katika kumbukumbu jina la mtumiaji wa kompyuta na njia kamili za folda. Kompyuta zisisajiliwe kwa majina ya watu.

7.0 Vigezo vya Kupima

Programu ya aina hii haipimwi kwa kuiona ikifanya kazi siku yenye mtandao mzuri. Majaribio matano yanapendekezwa, na kila moja lirudiwe mara nyingi kwa nyakati za nasibu. La kwanza ni kuchomoa waya wa umeme wakati wa kukusanya, na kuhakikisha kwamba baada ya kuwaka hakuna faili tupu wala faili lisilo na mstari daftarini. La pili ni kukata mtandao katikati ya kipande, na kuhakikisha kwamba kazi inaendelea ilipoishia. La tatu ni kuizuia saini ya seva isifike, na kuhakikisha kwamba seva haihifadhi nakala mbili. La nne ni kuirudisha saa nyuma kwa miaka kumi, na kuhakikisha kwamba mpangilio wa mafaili haubadiliki. La tano ni kufuta kwa makusudi mafaili kadhaa kabla hayajatumwa, kisha kumpa ripoti ya tarishi hali mtu asiyejua yaliyofutwa na kumwomba ayataje kwa namba.

Jaribio la tano ndilo kipimo cha hoja ya makala haya. Programu inayofaulu manne ya kwanza ni mbebaji mzuri. Inayofaulu na la tano inaweza kuaminiwa na utafiti.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza usanifu wa programu ya kupakia kumbukumbu za michezo ya kujifunzia katika shule zenye umeme na mtandao wa vipindi. Imeonyeshwa kwamba kukusanya kutengwe na kutuma, kwamba jina la faili litokane na yaliyomo, kwamba kurudia kusiwe na madhara, kwamba nakala isifutwe kabla ya saini, na kwamba mpangilio utegemee namba badala ya saa. Maamuzi haya yote yana chanzo kimoja: mwenye faili ni mtoto asiyejua kwamba analo, hivyo programu lazima imlindie asichoweza kukidai.

Inapendekezwa kwamba watafiti wanaotumia data za namna hii waambatishe katika ripoti zao, kwa kila shule, idadi ya mafaili yaliyopaswa kufika pamoja na yaliyofika. Idadi hiyo huchukua safu moja tu katika jedwali. Bila safu hiyo, msomaji hawezi kujua kama shule iliyoonekana kimya ilikuwa kimya kweli, au ilisema na hakuna tarishi aliyeifikisha sauti yake.